Maji Yaliyo Chini ya Mnara

Koni ya chuma ninayoijua kuliko chombo kingine chochote cha kazi ina ncha ya nyuzi 60 na kitako chenye eneo la sentimita 10 za mraba. Husukumwa ardhini kwa mwendo mmoja usiobadilika, sentimita 2 kwa sekunde, na kadiri inavyoshuka hutoa habari tatu: ugumu wa ardhi mbele ya ncha, msuguano wa ardhi ubavuni mwake, na shinikizo la maji yaliyobanwa kati ya chembe za udongo. Ujana wangu mwingi niliumalizia ndani ya lori lililobeba koni hiyo, kwenye pwani za Uholanzi, nikitazama mistari mitatu ikijichora kwenye kioo cha kompyuta huku upepo wa Bahari ya Kaskazini ukilitikisa lori. Tulipoondoka walikuja watu wa nguzo, kisha watu wa zege, na mwisho kabisa mnara wa kuzalisha umeme wa upepo ukasimama pale pale tulipochoma koni.

Nilizaliwa Tanga. Nilipokwenda kusoma uhandisi wa udongo sikuwaza habari za upepo. Nilijifunza upepo kwa njia ya matope, na ninachotaka kueleza hapa ni kile matope yalichonifundisha, kwa sababu naona siku inakuja ambapo minara ya namna hiyo itapandwa kwenye mwambao wetu, na watakaoamua wanapaswa kujua wanasimama juu ya nini.

Koni ile ni kazi ya Waholanzi wenyewe. Mwaka 1932 mhandisi wa serikali, Pieter Barentsen, alichukua bomba la gesi, akapitisha fito ya chuma ndani yake, akaweka koni mwishoni, akaisukuma chini kwa nguvu za mikono ya watu ili apime ulaini wa ardhi. Mwaka huohuo boma la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, lilifungwa, na ghuba ya chumvi ya Zuiderzee ikageuka kuwa ziwa la IJsselmeer. Taifa lililoamua kuishi chini ya usawa wa bahari lilihitaji kujua ardhi yake itabeba nini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1942, sehemu ya ziwa hilo ilikaushwa ikawa Noordoostpolder: mashamba ya viazi na vitunguu yaliyolala mita kadhaa chini ya maji yaliyo upande wa pili wa boma lake. Leo ukisimama juu ya boma hilo la Noordoostpolder unaona safu ya mitambo 86 ya upepo. Mitambo 48 kati yake, kila mmoja wa megawati 3, imesimama ndani ya ziwa lenyewe juu ya mabomba ya chuma yenye kipenyo cha mita 5 yaliyopigwa chini. Iliyobaki iko nchi kavu, nyuma ya boma. Karibu yake kuna Schokland, kisiwa cha zamani ambacho wakazi wake waliamriwa kuhama mwaka 1859 kwa sababu bahari ilikuwa inakila. Siku hizi kisiwa hicho kimezungukwa na shamba, na ardhi yake ya mboji huendelea kunywea kila inapokauka. Sijui mahali pengine panapoonyesha waziwazi hivyo kwamba maji ni sehemu ya ardhi. Ukiyaondoa, ardhi inabadilika umbo.

Kusoma mistari ya koni hujifunzwa haraka. Mchanga hukinza ncha kwa nguvu lakini msuguano wake wa ubavuni, ukilinganishwa na ule wa ncha, huwa mdogo, chini ya asilimia moja. Udongo wa mfinyanzi hukinza kidogo lakini hung'ang'ania ubavu. Mboji, ile mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka bila kumalizika kuoza, haikinzi karibu kabisa lakini kwa uwiano huo hushika ubavu kuliko vyote. Shinikizo la maji nalo husema lake: katika mchanga maji hupata pa kupita na shinikizo hubaki lile la kawaida, ilhali katika mfinyanzi maji hukosa njia na mstari hupanda ghafla. Magharibi mwa Uholanzi mara nyingi unapita mita 10 hadi 20 za mfinyanzi na mboji kabla ya kufika kwenye mchanga wa kale unaoweza kubeba nguzo. Majengo mazito ya upande ule husimama juu ya mchanga huo.

Kinachochukua muda kujifunza ni kutoamini jirani. Katika mradi mmoja wa pwani, ambao mwenyewe simtaji, michoro ilikuwa imekwisha kuandaliwa kwa nguzo za urefu mmoja kwa minara yote. Mwenye mradi alitaka tuchome koni kwenye mnara mmoja kati ya kila mitatu, ili kuokoa fedha. Mkuu wetu wa kikosi, mtu mwenye mikono mikubwa aliyefanya kazi hiyo tangu ujana, alikataa kutia saini mpango huo. Tulibishana naye sisi vijana, tukasema tambarare yote ni moja, angalia, hakuna hata kichuguu. Alitujibu kwamba juu ya ardhi ndiyo tambarare. Basi tukachoma kila mahali, na kwenye mnara wa katikati ya safu koni ikashuka, ikashuka, mstari ukabaki karibu na sifuri pale ambapo majirani zake wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kugonga mchanga. Tulikuwa juu ya mkondo wa bahari wa kale, uliochimbwa na kupwa na kujaa kwa maji kabla boma halijajengwa, kisha ukajazwa tope laini na kufunikwa na udongo wa shamba. Nguzo za mnara ule zilibidi ziwe ndefu kwa mita nyingi kuliko za wenzake. Zingepigwa kama michoro ilivyosema, zingeishia kwenye tope.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo ni zito kwa mnara wa upepo kuliko kwa ghorofa. Ghorofa hukandamiza chini. Mtambo wa upepo, pamoja na tani zake zote, tatizo lake kubwa si uzito. Tatizo ni kusukumwa ubavuni kwenye kimo kikubwa. Tuseme upepo unasukuma mapanga kwa nguvu ya tani 60 kwenye kimo cha mita 100: chini, kwenye msingi, hiyo ni tani-mita 6,000 zinazotaka kuupindua mnara. Msingi wa kawaida wa nchi kavu huwa duara la zege lenye upana wa mita 20 hivi, ujazo wake mita za ujazo 600 na zaidi, uzito wake kama tani 1,500. Uzito huo ndio unaoushika mnara usilale. Sasa yalete maji. Yakipanda hadi usawa wa juu wa zege, msingi unaelea kwa kiasi cha maji uliyoyasukuma pembeni, na zege lile la tani 1,500 linabaki na uzito unaofaa wa tani kama 900. Upepo haujapungua hata kidogo. Zege ni lilelile, nondo ni zilezile, lakini zaidi ya theluthi moja ya kinga imeondoka kwa sababu tu ya mvua iliyonyesha. Upande mmoja wa msingi unaanza kunyanyuka, eneo linalogusa udongo linapungua, na udongo wa upande wa pili unabanwa kupita kipimo.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza nikipewa michoro ya msingi wa mnara ulio karibu na bahari ni hili: usawa wa maji ya ardhini mmeuchukua wa siku gani? Nimewahi kujibiwa kwa tarehe ya siku moja ya kiangazi. Usawa unaotakiwa ni ule wa juu kabisa utakaotokea katika maisha yote ya mtambo, miaka 20 au 25, na huo haupatikani bila kuacha mabomba ya kupimia ardhini kwa misimu yote na kuyarudia.

Maji yanaweza kuleta madhara kabla hata zege halijamwagwa. Jambo hili nililiona katika mradi mwingine, nyuma ya boma, kwenye ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari. Mkandarasi alichimba shimo la msingi ndani ya mfinyanzi. Shimo lilikuwa kavu, safi, kuta zake zimesimama vizuri, na kwa macho ya mtu yeyote lilikuwa shimo zuri. Lakini chini ya mfinyanzi kulikuwa na mchanga, na mchanga ule ulikuwa umeunganika na maji ya upande wa pili wa boma, kwa hiyo maji yake yalikuwa yanasukuma juu. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Mfinyanzi uliobaki chini ya shimo ulikuwa na unene wa mita 3, na mita moja ya ujazo ya mfinyanzi ule ina uzito wa tani 1.6 hivi: basi kila mita ya mraba ilikuwa inakandamiza chini kwa tani 4.8. Maji ya mchangani yalikuwa na nguvu ya kupanda mita 5, yaani tani 5 kwa mita ya mraba, yakisukuma juu. Kati ya 4.8 na 5 hakuna mjadala. Asubuhi sakafu ya shimo ilikuwa imevimba katikati, na ufa mrefu ulikuwa unatoa maji yaliyobeba mchanga mwembamba. Mafundi wa nondo walikuwa wamekwisha kuingia. Walitolewa mbio, namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia.

Shimo lile likajazwa maji haraka ili uzito wa maji urudishe mizani, kisha visima vya kupunguza shinikizo vikachimbwa pembeni. Jambo la kusikitisha ni kwamba habari ya maji yale ilikuwa imeandikwa kwenye taarifa ya udongo, kwenye jedwali, kwa tarakimu zinazosomeka. Taarifa ilikuwa imelipiwa, ikapokewa, ikawekwa kabatini. Tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba mtu aliyechoma koni anapaswa kuwepo shimo linapofunguliwa, wala asiruhusiwe kuondoka na kuacha karatasi peke yake imsemee.

Kuvuta maji ili shimo liwe kavu nako kuna gharama zake kwa majirani. Nyumba nyingi za zamani za Uholanzi zimesimama juu ya nguzo za mbao, na mbao hizo zinadumu karne nyingi madhali vichwa vyake vimezama majini. Ukishusha maji ya ardhini kwa ajili ya mnara wako, hewa inafika kwenye vichwa vya nguzo za mwenzako navyo vinaanza kuoza, na mboji iliyo chini ya bustani yake inanywea. Ndiyo maana kule maji unayoyavuta huulizwa yanatoka wapi na yanarudishwa wapi, na wakati mwingine mkandarasi hulazimika kuyarudisha ardhini mbali kidogo na shimo. Na ukiwa karibu na boma masharti yanakaza maradufu. Nguzo inayotoboa tabaka la mfinyanzi inaweza kuacha kichochoro ubavuni mwake, maji yakapita humo yakichukua mchanga chembe kwa chembe, hadi boma lenyewe likabaki tupu ndani. Waholanzi waliopoteza watu 1,836 katika mafuriko ya mwaka 1953 hawahitaji kuambiwa hayo.

Baadaye nilihamia kazi za majini, na huko nikakuta kwamba ardhi ina tabia moja zaidi, ya kuchoka. Mtambo ukishaanza kuzunguka hautulii. Katika miaka 20 msingi wake unasukumwa na kuachiwa zaidi ya mara milioni 100, kwa upepo na kwa mawimbi. Mtoto wa pwani anajua jinsi kigingi cha mashua kinavyong'olewa ufukweni: hukivuti juu, unakitikisa huku na huku mpaka maji yaingie ubavuni na mchanga ulegee, ndipo kinakuja chenyewe. Dhoruba ya Bahari ya Kaskazini inafanya hivyo kwa bomba la chuma la tani mia kadhaa. Kila mtikisiko unabana maji yaliyo kati ya chembe za mchanga, na kama mtikisiko unaofuata unafika kabla maji hayajapata nafasi ya kutoka, shinikizo linapanda, chembe zinaanza kuachana, na mchanga uliokuwa mgumu juzi unakuwa laini. Mnara hauanguki kwa hilo. Unainama kidogo. Lakini majini kwa kawaida mwinamo wote unaoruhusiwa, ukijumlisha na kosa la kuusimamisha, ni nusu nyuzi tu, na mwinamo hauna dawa: bomba la namna hiyo halinyooshwi.

Juu ya hayo kuna mkondo. Maji yanapokutana na nguzo hugawanyika na kujisokota, yakachimba mchanga unaozunguka shina lake. Kanuni tuliyoitumia kazini ilikuwa kwamba katika mchanga usiolindwa shimo linaweza kufika kina cha mara 1.3 ya kipenyo cha nguzo; kwa nguzo ya mita 5 hiyo ni mita 6.5 za ardhi zilizokuwa zinaushika mnara na sasa hazipo. Huko Scroby Sands, mbele ya mji wa Great Yarmouth nchini Uingereza, ambako mitambo 30 ilianza kazi mwaka 2004 juu ya fungu la mchanga, mashimo ya namna hiyo yalionekana mapema. Dawa ni kumwaga mawe, kwa tabaka: madogo kwanza ili mchanga usipenye, kisha makubwa juu yake. Hata hivyo mawe huukinga mguu wa nguzo tu. Hayazuii fungu lote la mchanga kuhama. Kwenye ghuba ya Solway, kati ya Uskoti na Uingereza, mradi wa Robin Rigg ulijengwa na mitambo 60, na miwili ikalazimika kuondolewa miaka michache tu baadaye kwa sababu sakafu ya bahari ilibadilika chini yake. Mafungu yale yanatembea. Wavuvi wa pale wanajua hivyo, na ramani za zamani za mabaharia zinaonyesha hivyo kwa yeyote anayeziweka juu ya meza na kuzilinganisha.

Shimo likichimbika, mnara huwa kana kwamba umerefushwa, na mtikisiko wake wa asili unapungua kasi. Mnara mmoja mkubwa wa majini huweza kutikisika kwa asili yake mara moja kila sekunde tatu hivi, na wahandisi wameiweka kasi hiyo makusudi kati ya mzunguko wa mapanga na mpito wa kila panga mbele ya mnara. Nafasi hiyo ni nyembamba. Ardhi ikilegea, kasi ya asili inashuka kuelekea ile ya mzunguko, na kuelekea ya mawimbi, na hapo kila msukumo unaongezea uliotangulia. Chuma kinachoka kabla ya wakati wake. Hivi ndivyo mita chache za mchanga zilizochukuliwa na maji zinavyofupisha umri wa mtambo ulio na mita 80 juu.

Kwa muda mrefu nilidhani nimeshajua kazi yangu. Nilirudi nyumbani kwa likizo ndefu, nikatembea pwani yetu nikiwa na macho ya mpima ardhi, na nikaona kwamba vingi katika vipimo nilivyovibeba kichwani havifai hapa.

Mchanga wa Bahari ya Kaskazini ni wa chembe za mawe magumu, na majedwali yote tunayotumia kugeuza usomaji wa koni kuwa uwezo wa nguzo yametokana na mchanga wa aina hiyo. Mchanga mweupe wa fukwe zetu nyingi ni mavunjiko ya matumbawe na makombe. Chembe zake ni za pembepembe, zina uwazi ndani, na zinavunjika. Koni inaweza kuonyesha ukinzani wa kuridhisha, mtu akafurahi, kisha nguzo ikipigwa chembe zinasagika, ujazo unapungua, mchanga unaachia ubavu wa nguzo, na msuguano unakuwa sehemu ndogo tu ya ule uliotarajiwa. Jambo hili lilifahamika kwa gharama kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 magharibi mwa Australia, kwenye jukwaa la gesi la North Rankin, ambako nguzo zilizama kwenye mchanga wa aina hiyo kwa urahisi uliowashtua wajenzi. Baada ya hapo, kwenye mchanga wa namna hiyo, wahandisi walipendelea kutoboa kwanza kisha kumwaga saruji kuizunguka nguzo, badala ya kuipiga nyundo.

Na mahali ambapo hakuna mchanga kuna jiwe la tumbawe, ambalo wageni hulipenda kwa sababu ni gumu. Ni gumu, ndiyo, lakini maji ya mvua yamekuwa yakiliyeyusha kwa umri wake wote. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa, anayo mapango ya Amboni kwenye chokaa. Mtu wa Shimoni, Kenya, analo pango lililoupa mji wake jina. Shimo dogo kuliko hayo, la ukubwa wa chumba kimoja, halionekani juu, na kisima kimoja cha uchunguzi kikitobolewa mita 5 pembeni yake kinaleta jiwe zima na taarifa nzuri.

Nilimkuta mzee mmoja fundi visima, anachimba kisima kusini mwa mji wa Tanga. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta maji?"

Nikamweleza kazi yangu. Akasikiliza, akachukua mtaimbo, akaupiga juu ya jiwe mahali pawili, hatua chache kutoka mahali pamoja hadi pengine. "Hapa pamejaa," akasema. "Hapa panalia. Panapolia mimi sichimbi, maana nitadondoka na jiwe langu." Kisha akanionya nisipime kina cha maji mara moja nikaondoka. Maji ya kisima kile yalikuwa yanapanda na kushuka na bahari, na wakati wa bamvua, yaani maji makuu, yanapanda zaidi. "Uje bamvua, uje maji mafu, uje masika. Halafu ndiyo useme unayajua."

Alichokisema ndicho kipimo sahihi cha ardhi ya matumbawe, na nimekiandika hivyohivyo katika kila pendekezo nililoandika baada ya hapo kwa ajili ya kazi za mwambao. Kupwa na kujaa kwetu, ambako wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4, husafiri ndani ya jiwe lenye matundu hadi mbali na ufuko. Msingi uliofanyiwa hesabu wakati wa maji mafu, kiangazi, unaweza kukutwa ukielea nusu wakati wa bamvua la masika.

Tena visima vyetu vinaishi kwa mizani nyembamba. Maji matamu ya mwambao na visiwani yamelala juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa hesabu inayojulikana, kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa kuna kama mita 40 chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba mkandarasi akiweka pampu ashushe maji mita moja ili shimo lake likauke, chumvi nayo inaanza kupanda kutoka chini, kwa kiasi kikubwa kuliko alichoshusha. Pampu zitaondoka na mkandarasi. Kisima cha kijiji kitabaki na chumvi. Waholanzi wana masharti ya kuvuta maji yanayozilinda nguzo za mbao za jirani. Sisi tunahitaji sheria yenye ukali huohuo ya kulinda visima.

Kutu na chumvi nitavipita haraka, kwa kuwa kila fundi wa pwani anavijua: mchanga wa ufukweni usiooshwa ukiingia kwenye zege unakula nondo, na joto letu linaharakisha. Lakini udongo wa mikoko unastahili neno moja. Ukiwa chini ya maji umetulia. Ukifukuliwa na kuachwa hewani, madini ya salfa yaliyomo yanageuka tindikali, na tindikali hiyo inashambulia saruji ya kawaida. Anayetaka kupitisha barabara ya mtambo au waya wake kwenye mikoko aelewe kwamba, mbali na dhambi ya kuikata mikoko yenyewe, anafungua kitu ambacho kitaula msingi wake.

Minara mikubwa ya upepo iliyopo Kenya mpaka sasa imesimama bara, juu ya ardhi ya volkano, kwa mfano kule Ngong, na karibu na Ziwa Turkana ambako kuna mitambo 365. Uzoefu huo ni wa thamani, na baadhi ya mafundi walioisimamisha minara hiyo ni wetu. Hata hivyo hautufundishi lolote kuhusu tumbawe wala bamvua. Wala michoro ya Bahari ya Kaskazini haitatufundisha, hata ikiletwa na watu wema wenye vyeti vyote. Nimefanya kazi na watu hao na ninawaheshimu, na ninajua kwamba wao wenyewe wasingekubali mchoro wa Denmark utumike Uholanzi bila kuchoma koni upya.

Kwa hiyo ninawaomba wanaokaa kwenye halmashauri, kwenye wizara na kwenye bodi za umeme, siku mwekezaji atakapoleta picha ya minara ikiwa imepangwa ufukweni: msianze na bei ya umeme. Ombeni kwanza taarifa ya ardhi ya kila mnara peke yake, iliyotobolewa hadi chini ya kina ambacho msingi unakitegemea, na kwenye tumbawe matobo yawe zaidi ya moja kwa kila msingi. Ombeni vipimo vya maji ya ardhini vya mwaka mzima, masika na kiangazi, bamvua na maji mafu. Ombeni nguzo ya majaribio ipigwe na kuvutwa kwenye mchanga wetu wenyewe kabla ya kuagiza nguzo za mradi. Andikeni kwenye mkataba ni nani atakayelipa kisima cha kijiji kikiingia chumvi. Na waiteni mafundi visima wa mahali hapo, wakae mezani pamoja na wahandisi, walipwe kwa siku zao. Mwekezaji atakayesema hana muda wa hayo, mwacheni aende zake.